Goti la Mpagazi

Mwangwi alipokohoa, Theopista Mkude aligeuka kutazama ni nani anayemwigiza. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Kikohozi kilikuwa kimetoka kwenye kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya meza ya bodi, pale ambapo siku zote hukaa chupa ya chai, nacho kilikuwa kikohozi chake mwenyewe, kile kifupi na kikavu anachokitoa kila anapotaka kukataa mchoro wa mtu bila kumvunja moyo.

"Wameweka mpaka kikohozi," alimnong'oneza Zamoyoni Lukwele, msaidizi wake, aliyekaa kushoto kwake kama alivyokaa kwa miaka kumi na minne.

"Ndicho tunachokiogopa kuliko vyote, Mama," Zamoyoni alijibu, na hakuwa anatania.

Mbele yao alisimama Pendael Mushi, mkurugenzi wa Kampuni ya Tambuka, mtu mwema mwenye haraka kupita kiasi, ambaye hata chai huinywa amesimama. Alikuwa ameingoja siku hii kwa miaka mitatu. Mama Mkude alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na tangu atangaze, bodi ilikuwa haijalala usingizi mzuri. Kule milimani watu hawakununua mpagazi, ile mashine ya miguu minne ya kubebea mizigo, walinunua mpagazi wa Mkude. Akitoka, nani akalie kiti cha Mkuu wa Usanifu? Wataalamu wa kompyuta waliichukua michoro elfu sita na mia mbili yenye saini yake, pamoja na kumbukumbu ya ubao na kalamu ya kuchorea, vinavyohifadhi kila mstari na namna mkono ulivyositasita kabla ya kuuchora. Wakailisha mashine. Mashine ikaamka ikiwa na sauti yake, wakaiita Mwangwi.

"Tujaribu sasa," Pendael alisema. "Mwangwi, zahanati za juu zinataka mpagazi wa kushusha wagonjwa. Njia ni ya mfinyanzi, mvua inanyesha, mgonjwa hawezi kukaa. Tuanzie wapi?"

Kisanduku kilipiga hesabu kwa sekunde kumi na moja.

"Tuanzie kwenye woga," ilisema sauti ya Theopista. "Mgonjwa akishushwa kichwa kikitangulia anaogopa. Akiogopa anajikaza, na akijikaza anaumia zaidi. Miguu itangulie, mgongo uinuliwe kidogo. Na upande wa kulia pasiwekwe ukingo, uwekwe mkanda tu, ili ndugu anayetembea naye amshike mkono njia nzima."

Wajumbe walipiga makofi. Theopista hakupiga. Yeye angeanzia kwenye udongo. Siku zote huanzia kwenye udongo: mteremko ni wa digrii ngapi, kwato ziwe na meno mangapi, uzito ukae wapi. Binadamu huja baadaye, mashine ikishasimama vizuri. Katika ofisi yake alimjua mtu mmoja tu ambaye huanzia kwenye woga wa mtu, naye alikuwa amekaa kushoto kwake, ameinamia vidole vyake, kama mtu aliyeliona shati lake barabarani limevaliwa na mwingine akaona haya kulidai.

"Na kisanduku kikikosea, tutakinunia vipi?" aliuliza Bi. Anunsiata, mwakilishi wa wakulima wa Mgeta kwenye bodi, mama mnene mwenye sauti ya sokoni.

Pendael alicheka kwa adabu. "Hakitakosea sana, Mama. Mama Mkude akitia saini ya ridhaa Ijumaa, Jumamosi tunatangaza kwenye mkutano mkuu. Mwangwi ndiye Mkuu wa Usanifu. Hatutatafuta mrithi tena miaka mia. Na ndugu yetu Zamoyoni atapanda cheo, atakuwa Mtunzaji wa Mwangwi."

"Anafanya nini huyo mtunzaji?"

"Anampelekea maswali, anapokea majibu, anayafikisha karakana."

"Tarishi basi," alisema Bi. Anunsiata, akafungua mkoba wake kutafuta miwani.

*

Karakana ya Tambuka iko Kihonda, na ukiingia mchana utawakuta wapagazi wamesimama mistari miwili, kimo cha punda, miguu minne, mgongo bapa. Hawana kichwa. Wageni wengi hushtuka kidogo kwa hilo, wenyeji wamezoea. Theopista alimgusa mmoja begani, naye akapiga magoti: kwanza miguu ya mbele, kisha ya nyuma, polepole bila kelele, mpaka mgongo ukafika usawa wa magoti ya mtu. Unasukuma gunia juu yake, yeye anainuka. Hakuna wa kutwishwa, hakuna wa kukaza shingo.

Goti hili ndilo lililoijenga kampuni. Kabla yake wapagazi walikuwa chuma kirefu ambacho lazima wanaume wawili wakipakie. Baada yake, kina mama wa milimani walianza kuwaita kwa majina. Theopista alipewa nishani na taifa, na wajukuu zake hadi leo humwita Bibi Goti.

Zamoyoni alikuwa chini ya mashine nyingine, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Toka nikuone," Theopista alisema. "Lile la ndugu kushika mkono ni lako."

"Ni la Mwangwi, Mama. Umelisikia mwenyewe."

"Usinizungushe, Zamoyoni."

Alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kwenye vikao vyote vya bodi hakuna aliyewahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo.

"Nililichora mwaka juzi, kwa kile kiti cha wazee," alisema. "Ukalipitisha."

"Nikalichora upya."

"Ndio utaratibu wetu."

Ndio ulikuwa utaratibu wao, na aliyeuweka ni Theopista mwenyewe. Mwaka wa pili wa kampuni, mpagazi aliteleza kwenye mteremko akamvunja mkulima mguu. Chini ya mchoro lilikuwepo jina la binti aliyeitwa Anastela, mwenye kipaji na miaka ishirini na mitatu. Watu walimnyooshea vidole mpaka kanisani. Aliondoka, akaapa hatashika tena kalamu, na kiapo chake alikitimiza. Theopista alilia kwa wiki nzima, kisha akatoa amri: kuanzia leo, kila mchoro utapita mkononi mwangu, nitauchora nakala safi mwenyewe, na chini kutakuwa na saini moja tu. Mwenye malalamiko aje kwangu. Ilikuwa nia njema kabisa. Vijana wake walilindwa, walikosea, wakajifunza, wakakomaa. Lakini hakuwahi kukaa chini akajiuliza, mwenye pongezi naye aende kwa nani?

Na wale wataalamu wa Pendael walichukua nakala safi. Nakala zote elfu sita na mia mbili, mkono wake, mistari yake.

"Na goti?" aliuliza. Jibu alilijua. Alikuwa amelijua kwa miaka kumi na miwili, ila alikuwa ameliweka mahali ambapo mtu huweka vitu asivyotaka kuviona kila siku.

Zamoyoni alikunja kile kitambaa mara mbili. "Mama yangu alikuwa akitwishwa karoti na watu wawili. Akishatwishwa hawezi kuinama tena mpaka barabarani. Kandambili ikimtoka mguuni anaiacha hukohuko. Nyumbani kwetu tulikuwa na kandambili za mguu mmojammoja, chungu nzima. Nikafikiri, kwa nini ainue mama? Ashuke huyo mwenye chuma."

"Mbona hukuwahi kusema? Nilipopewa nishani ulikuwepo. Ulipiga makofi."

"Mama, mwaka ule goti lilipokwama kule Kinole, mzigo ukamwangukia yule mzee, waandishi walijaa getini. Ukatoka wewe. Saa mbili nzima walikutukana. Mimi nilikuwa humu ndani, nyuma ya makreti, natetemeka. Baada ya pale ningekudai nini?"

Theopista aliweka mkono kwenye mgongo wa mpagazi aliyepiga magoti.

"Utakubali huo utunzaji?" aliuliza.

"Hapana. Nimeshawaandikia nyumbani wanitayarishie shamba. Ukiondoka wewe na mimi naondoka. Nitalima karoti." Alitabasamu kidogo. "Na kwa wapagazi ninalo punguzo la mfanyakazi."

Alirudi chini ya mashine yake. Theopista alitembea hadi ofisini akiwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga. Akisema ukweli, yeye ni nani? Bibi Goti asiye na goti. Mwanamke mwenye miaka sitini na mitatu aliyebakiwa na wiki tatu, ambaye kitu kimoja kikubwa alichojulikana nacho si chake. Asiposema, Zamoyoni anakwenda kulima karoti, na fikra zake zinabaki ndani ya kisanduku zikisema kwa sauti ya mtu mwingine. Miaka mia, Pendael alisema.

*

Asubuhi iliyofuata aliomba aachiwe Mwangwi peke yake. Aliketi mbele ya kisanduku, akaona haya kama mtu anayejisemesha kwenye kioo.

"Nani alisanifu goti?"

"Wewe," ilijibu sauti yake. "Mchoro wa elfu mbili mia tisa na nne. Saini ni yako, mkono ni wako."

"Una uhakika?"

Sekunde tano. "Hapana."

"Eleza."

"Nilipoisoma michoro yako niligundua inaanza kwa namna mbili. Kuna inayoanza chini, kwenye udongo, ikapanda. Na kuna inayoanza begani kwa mtu, au shingoni, au kwenye woga wake, ikashuka mpaka kwenye mashine. Nilidhani namna moja ni wewe wa asubuhi na ya pili ni wewe wa jioni. Binadamu hubadilika. Lakini hata saa hazikulingana. Pia mkono wako, unapochora zile za pili, hausiti. Mtu asiyesita ananakili."

"Zile za pili ni ngapi?"

"Kwa miaka kumi na minne ya mwisho, ni kama theluthi mbili ya zile zilizofika milimani. Ziko na nyingine ndogondogo, za mikono tisa tofauti, zinazokuja na kupotea. Za udongo ni zako. Kwato zote ni zako. Hakuna mpagazi anayesimama kwenye mfinyanzi bila wewe."

Sijui kama mashine inaweza kufariji. Theopista mwenyewe hakujua. Lakini alishusha pumzi.

"Umemwambia Pendael?"

"Hajaniuliza. Huniuliza kuhusu wapagazi tu." Kisanduku kiliendelea. "Ukipenda naweza kuziunganisha namna hizo mbili, zisitambulikane tena. Kazi ya dakika nne. Usanifu wangu hautaharibika. Ni majina tu yatakayopotea, na majina hayo hayakuandikwa popote."

Dakika nne. Chai haichemki kwa dakika nne. Theopista alitazama ukuta, ambako picha yake ilining'inia akiwa amemwekea mkono mpagazi aliyepiga magoti. Pembeni ya picha, nusu imekatwa na fremu, lilionekana bega la Zamoyoni. Tangu itundikwe hakuwahi kuliona bega lile. Nani angemlaumu? Hakuna ambaye angejua. Hata Zamoyoni mwenyewe hataki. Alifikiria ukutani kwake nyumbani, na wajukuu, na jinsi mdogo wao anavyoigusa nishani kila akiingia. Alitamani. Tusimsingizie utakatifu, mama wa watu alitamani sana.

Kisha alikohoa, kifupi na kikavu.

"Hicho ni kikohozi cha kukataa," alisema Mwangwi.

"Ndicho. Sasa nipangie hiyo michoro mafungu kumi na moja. Moja langu, moja la Zamoyoni, na hayo tisa. Majina nitayaandika mimi, nawakumbuka wote."

*

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa wanahisa, wakulima na mafundi. Karatasi ya ridhaa ilikuwa mezani, Ijumaa imepita bila saini, na Pendael alikuwa ameitazama saa yake mara nne.

Theopista alisimama. Hakuwa ameandika hotuba.

"Karatasi hii inasema natoa kazi yangu yote iliyomo ndani ya Mwangwi," alisema. "Siwezi kuitia saini, kwa sababu nyingi si yangu."

Akaeleza yote: Anastela, amri yake, nakala safi, saini moja. Akasoma majina tisa, mmojammoja, na kila mmoja alichokichora: mshipi wa mzigo, taa ya ubavuni, kile kitako cha betri ambacho mtu hukifungua kwa mkono mmoja akiwa amebeba mtoto. Huko nyuma ukumbini fundi mmoja mtu mzima aliposikia jina lake alivua kofia akaifinyanga mikononi.

"Na goti," alisema, "goti ni la Zamoyoni Lukwele. Lilikuwa lake tangu mstari wa kwanza. Mimi nililinakili, nikalipokelea nishani, nikanyamaza miaka kumi na miwili. Naomba radhi mbele yenu wote."

Akaitoa nishani kwenye mkoba wake, akaiweka mbele ya Zamoyoni. Zamoyoni aliitazama, mikono ikiwa chini ya meza. Bi. Anunsiata, asiyependa kuona kitu kimekaa bure, aliichukua akamvisha kifuani, ikiwa imepinduka juu chini.

Pendael alikuwa amesimama. Usoni hakuwa na hasira, alikuwa na hofu ya kweli. "Mama Mkude, nakuheshimu. Lakini wateja wanataka Mkude. Nikiwaambia Mkude ni watu kumi na mmoja, kesho wataniuliza nini kingine tuliwaficha."

"Mwanangu, keti," alisema Bi. Anunsiata. "Hao wateja ni sisi. Kule kwetu hakuna aliyewahi kusoma saini chini ya mchoro. Tunataka kinachopiga magoti. Kama aliyekipigisha magoti yuko hapa na ni mzima, kwa nini mnatuletea kisanduku cha kumwigiza?"

Watu walicheka, hata Pendael alicheka kidogo, akaketi. Mjadala haukuwa mfupi. Wengine walitaka Mwangwi kwa sababu hazeeki. Wengine waliuliza kama Zamoyoni, akipewa kiti cha Mkuu wa Usanifu, anaweza kuzungumza mbele za watu, na hapo akalazimika kusimama. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nitakubali kiti kwa sharti moja," alisema. "Kila mchoro uwe na jina la aliyeuchora. Hata Mwangwi akichora, liwe jina lake, kwa sauti yake, si ya Mama. Lakini kitu kikivunjika mlimani, getini nitatoka mimi. Hilo Mama alilianza vizuri, nalibakiza."

Zilikuwa sentensi tano. Mafundi walizihesabu, na hadi leo wanazitaja. Mikono ilipoinuliwa, wa Pendael haukuwa wa kwanza, lakini uliinuka.

*

Wiki ya mwisho ya Theopista, mpagazi wa wagonjwa alikuwa amefika nusu. Mwangwi alikuwa ameshachora kitanda, na sasa alizungumza kwa sauti mpya ambayo mafundi walimchagulia kwa kura, ya mwanamume mzito kidogo, kama mtangazaji wa vifo redioni. Kwato alizichora Theopista. Alizichora siku tatu, kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu ujana wake, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini hakuwa na mchoro wa mtu mwingine wa kunakili. Meno saba kila ukwato, yanayojifungua kwenye mfinyanzi na kujikunja kwenye jiwe.

Aliupeleka mchoro kwenye meza ya Mkuu wa Usanifu. Zamoyoni aliutazama muda mrefu. Akaugeuza. Akaupeleka dirishani.

Kisha akakohoa, kifupi na kikavu.

"Alaa," alisema Theopista.

"Meno saba yana kelele, Mama. Mgonjwa atasikia kila hatua njia nzima. Yakiwa matano?"

Alifungua mdomo kubisha. Alikuwa na hoja tatu za udongo, zote nzuri. Akaufunga. Alichukua mchoro wake, akarudi kwenye meza ndogo waliyomwekea karibu na mlango, akafuta, akahesabu upya mizani ya uzito mara mbili. Matano yalitosha, akiyaongeza upana kidogo tu. Ilimuudhi jinsi yalivyotosha.

Aliporudi, Zamoyoni aliuangalia tena, akatikisa kichwa kukubali, akamrudishia kalamu.

"Haujaandikwa jina," alisema.

Theopista Mkude aliinama, akaandika jina lake chini ya kwato nne, polepole, na mkono ulisita.

Mwangwi, aliyekuwa akiisoma kalamu kutoka mezani kwake, aliuhifadhi mstari ule kwenye fungu la kwanza, lile la udongo, bila kuuliza ni la nani.